Asubuhi ya Kwanza Kitini

"Mawakili, jitambulisheni," karani alisema, nami nikasimama.

"Upande wa Serikali uko tayari, Mheshimiwa," nikasema.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeisema sentensi hiyo kutoka meza ya waendesha mashtaka, pale chini, katika mahakama hii hii ya Duluth. Leo nilikuwa juu, kwenye kiti cha jaji, siku yangu ya kwanza, na joho langu bado lilikuwa na mikunjo ya boksi.

Sasa nilikuwa namwambia nani Mheshimiwa?

Vidole vyangu vilikuwa vinapapasa kifuani, vikitafuta kifungo cha koti la uwakili ambalo sikuwa nimelivaa.

Jaji akisimama, hakuna anayebaki ameketi. Basi watu wakainuka mmoja mmoja, wakitazamana. Mshtakiwa peke yake, dereva wa lori aitwaye Haugen, hakutikisika.

"Inuka bwana!" wakili wake alimnong'oneza. "Jaji kasimama."

"Jaji yuko wapi?" Haugen aliuliza kwa sauti. "Mimi naona waendesha mashtaka tu."

Nami, Mungu anisamehe, nikageuka nyuma kumtafuta huyo jaji.