Nisindikize Kidogo

Haya alinisimulia Chausiku mwenyewe, Idi iliyopita, tukichambua mchele wa pilau.

Alikuwa amekwenda mjini kupumzika kwa shoga yake wa tangu usichana, Siwema. Kila akiomba kutembezwa, Siwema alijibu, "Kesho, shoga." Mumewe alikuwa amefariki, eda ilikwisha zamani, lakini mlango hakuuvuka. Chausiku alihofu kwamba akimwacha hivyo, hatatoka tena.

Asubuhi moja akajitwika mkoba begani. "Mimi naondoka. Nisindikize basi, au hata hilo umelisahau?"

Mgeni hakuachwa aende peke yake. Siwema akajitanda kanga, akamfikisha kwenye kona.

"Hapa panatosha."

"Wanitupa njiani kama paka?"

Wakafika sokoni. Wakafika kwenye mnara mkubwa, Siwema akaunyoshea kidole. "Saa ile tangu niolewe haijasema kweli hata siku moja." Akacheka. Bustanini muuza mahindi akamuuliza, "Bibi, ulipotelea wapi?" Wakakaa pale wakitafuna, wakitazama watu.

Jua likapungua. "Lete nikupokee mkoba," Siwema akasema. Ulikuwa mwepesi mno. "Chausiku, nguo zako ziko wapi?"

"Chini ya kitanda chako. Haya, sasa nikusindikize mimi."

Usiku ule walilala chumba kimoja. Taa ilipozimwa, Chausiku alimsikia mwenzake akiinuka polepole, akiuweka mkoba mtupu kando ya mlango, na viatu vyake mwenyewe karibu nao. Kisha Siwema akarudi kulala. Chausiku akautazama mkoba ule gizani, mpaka naye usingizi ukamchukua.