Sanduku la Jumamosi

Kila Jumamosi familia za Mbeya huenda matembezini, na nyumba zetu hubaki wazi kwa watalii mpaka jioni. Kurudi mapema ni kosa. Lakini tulikuwa njiani kwenda Ziwa Ngozi nilipokumbuka chupa ya chai, nikageuza gari. Tusekile, mke wangu, akabaki garini na watoto.

Mlangoni dada mwongoza wageni alinidhania mtalii. "Karibu, baba. Vua viatu. Tumeshafika chumbani."

Chumbani kwangu, ambako hata mama yangu haingii! Watu kumi na wawili walilizunguka kabati, bibi mmoja amekalia mto wangu. Dada akavuta sanduku nisilolijua, akalifungua. Ndani yake nguo za Tusekile na za watoto zilikuwa zimekunjwa vizuri.

"Limeandaliwa tangu mwezi uliopita," akasema. "Baba Lusajo bado hajui."

"Maskini!" bibi akaguna. "Ataambiwa lini?"

"Tunadhani ni leo, huko ziwani."

Nje honi ikalia. "Baba Lusajo!" Tusekile akaita. "Chupa umeiona?"

Watalii wote wakageuka kunitazama. Mmoja akainua kamera.