Saini ya Keshia

"Umeiosha?" mthamini wa noti za kale aliuliza, bila kuondoa jicho kwenye lenzi.

"Nimeipiga pasi tu," Tumpe alisema. Alijifunza hivyo kwa mama yake, ambaye hakuwahi kupeleka kanisani noti yenye mikunjo, na hii Tumpe aliikuta imekunjwa mara nne ndani ya Biblia aliyoachiwa na bibi mgonjwa wa Kizungu ambaye Tumpe alikuwa akimuuguza ng'ambo, mjini Roseville. Aliinyunyizia maji kidogo, akaifunika kwa kilemba chake cheupe, akaikandamiza.

"Benki ya mji mdogo, 1902. Sijawahi kuona nyingine. Hizi zilisainiwa kwa mkono, moja moja. Rais wa benki huyu hapa. Saini ya keshia, mtunza fedha wa benki, haipo."

Keshia huyo alikuwa baba yake yule bibi wa Roseville. "Usimwache baba apotee," bibi alimwambia siku ya mwisho, vidole vyake baridi vikimng'ang'ania.

Mthamini aliinua uso. Akamtazama Tumpe juu ya paji la uso.

Tumpe aligeukia kioo cha ukutani. Kwenye kilemba alichovaa, kile kile alichopigia pasi, kwa wino wa zambarau uliofifia, jina la yule baba, lililojichapa kinyume kitambaani, lilisomeka sawasawa kiooni.