Glasi Tatu za Bia ya Ngano

Kila asubuhi, mzee mwonjaji wa kiwanda cha bia aliwekewa na mpwa wake glasi tatu za bia ya ngano ya Kibelgiji, ile inayotiwa ganda la chungwa na giligilani. Moja huwa ameiharibu makusudi, mzee aitambue, ili pua yake isilale.

Leo aliinusa ya kwanza, hola, harufu hakuna. Ya pili vilevile. Ya tatu akaizungusha mdomoni. Ikawa baridi tupu, kama kulamba kioo. Tangu mafua ya mwezi uliopita alikuwa akibahatisha kwa kutazama povu.

"Ya katikati ndiyo mbovu," alisema, akijikaza kisabuni. "Hizi nyingine safi. Ganda la chungwa limekaa, giligilani kwa mbali."

Mpwa wake alifunga daftari la majibu.

"Mjomba," alisema taratibu, "zote tatu nimezitia kitunguu saumu."

Ndipo mzee alipoona kwamba madirisha yote yalikuwa wazi, harufu ile kali itoke.

Akaichukua tena ile ya kwanza, akazamisha pua mpaka povu likamganda masharubuni, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.