Majibu ya Wiki Mbili

Kufuli mbili za sanduku la akiba la chama cha akina mama zilikuwa zimeshafunguliwa. Ya tatu ilimngoja Bathsheba, muuza omena, dagaa wa ziwani, wa Muhuru Bay, ambaye ufunguo wake ulining'inia shingoni.

Mgeni wetu mheshimiwa alijipangusa jasho. Zamani alikuwa mwanasayansi wa kupima maji ya ziwa. Sasa, kwa neema ya mbinguni na kompyuta, alikuwa mwenye sarafu ya mtandaoni, na alitaka akiba yote ya akina mama iingie humo.

"Fungua, mama. Hakuna benki, hakuna meneja. Ni kuaminiana tu."

"Kuaminiana!" Bathsheba akatoa chupa ndogo kikapuni. "Mwaka ule wa kipindupindu ulichota maji hapa, ukasema majibu ni wiki mbili. Tukaendelea kunywa tukikungoja. Nikazika mtoto. Majibu yako wapi, Daktari?"

"Hayo yalikuwa mambo ya ofisi, mama."

"Maji haya nimeyachota leo, pale pale." Akaisukuma chupa hadi mbele ya mgeni. "Hakuna ofisi. Pima kwa mdomo."

Akina mama wote waliigeukia chupa kwa adabu kubwa. Ndani ya chupa, uzi wa kijani ulizunguka polepole.

Bathsheba alivua ufunguo, akauweka kando ya chupa.

"Kunywa, nifungue."