Kanga ya Subira

Siku hizi kanga huandika yenyewe kilichomo moyoni mwa aliyeivaa. Subira alishukuru kwamba mama mkwe wake, Bi Zuhra, alikuwa kipofu.

"Leo kanga yako yasemaje, mwanangu?" Bi Zuhra alimuuliza kila alipolishwa uji.

"Yasema mama ni taa ya nyumba."

Pindoni paliandikwa: KUFA TUPUMZIKE.

Bi Zuhra akacheka. "Enzi zetu maneno tuliyachagua wenyewe dukani. Tulipigana vijembe, lakini tuliweza kula sinia moja."

Asubuhi moja bibi akalalamika baridi. Subira akajisahau, akavua kanga yake na kumfunika. Maandishi yakabadilika palepale: MACHO NINAYO, NIMEKUSOMA KILA SIKU.

Bi Zuhra akafungua kinywa, akingoja kijiko kingine.