Nyumba Inayojibu Haraka

Kila nyumba mtaani ina seva yake ya kupokea salamu za majirani, na sheria ni moja: nyumba ikishajibu "Hatujambo," hakuna ruhusa ya kubisha hodi.

Siwema alipotimiza miaka kumi na minane alikabidhiwa msimbo wa seva ya nyumba yao, ulioandikwa kwa JavaScript, lugha ya kuelekezea kompyuta. Kilichomshangaza ni kwamba lugha hiyo haipendi kukaa bure. Ikituma swali vyumbani, haingoji jibu mpaka uiagize. Inaendelea na mstari unaofuata.

"Bibi, seva yetu inawajibu majirani kabla haijatuuliza sisi."

"Si ndivyo tunavyoamkiana?" Bibi akacheka. "Aliyeiandika ni mjomba wako Shekue. Mtaa mzima ulinakili kwake."

Siwema akaongeza agizo la kusubiri, akaiwasha upya. Spika ya chumbani ikauliza, "Hujambo, Bibi?"

Bibi alifungua mdomo kujibu kama kawaida, akaufunga. Spika ilikuwa bado inamsubiri.

"Mguu huu," akasema hatimaye, "una siku tisa umekufa ganzi."

Siwema alimtazama, kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwa Mjomba Shekue, anayeishi peke yake. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona kwa macho, akashindwa. Akavaa viatu.

Alipofika mlangoni, kabla hajainua mkono, nyumba ilimwambia kwa sauti ya uchangamfu, "Hatujambo."

Alibisha hodi hivyo hivyo, akasubiri.